Kata nywele upendavyo, lakini uso uonekane mpakani

Foleni ilikuwa fupi asubuhi ile, na kila aliyekuwa mbele yangu alipita bila maneno mengi. Kisha ikafika zamu ya mama mmoja aliyekuwa akivuka kwenda kununua vitenge. Ofisa alitazama pasipoti, akamtazama yeye, akarudi tena kwenye pasipoti.

Katika picha, iliyopigwa miaka kadhaa nyuma, mama huyo alikuwa na rasta ndefu zilizofungwa kisogoni, paji la uso likiwa wazi. Aliyesimama dirishani alikuwa na nywele fupi zilizoishia masikioni, na za mbele zimeshuka hadi kwenye nyusi. Mtindo ulimpendeza. Shida ni kwamba ulimfanya aonekane mtu mwingine.

Aliambiwa azinyanyue nywele za mbele, akazinyanyua. Akaambiwa asubiri pembeni hadi mkubwa wa zamu aje. Alisubiri karibu saa nzima. Aliporuhusiwa kupita, basi lake lilikuwa limekwisha kuondoka na begi lake lilikuwa ndani.

Nilimkuta baadaye akitafuta teksi ya kuchangia ili alifuate basi hilo. Alikuwa amelipa nauli mara mbili siku hiyo, na soko alilokuwa akilikimbilia hufungwa mapema. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba nywele hizo zimemgharimu kuliko alichomlipa msusi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza na wanawake ninaokutana nao njiani na vituoni kuhusu nywele zao. Nimegundua kwamba kwa mfanyabiashara wa mpakani, kuchagua mtindo si jambo la urembo peke yake. Nywele zinalala naye ndani ya basi, zinakula vumbi la barabara, zinavalishwa helmeti ya bodaboda, kisha zinatakiwa zipendeze mbele ya mteja saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo makala hii ni kwa ajili ya yule anayefikiria kukata nywele fupi na kuacha frinji, yaani zile nywele za mbele zinazoshuka juu ya paji la uso. Ni mtindo mzuri, lakini una masharti yake.

Kwa nini wengi wanakata

Sababu ya kwanza ni muda. Kusuka rasta kunaweza kuchukua nusu siku, na kwa mtu anayevuka mpaka mara mbili au tatu kwa wiki, nusu siku ni safari nzima. Nywele fupi huoshwa usiku na kukauka kabla ya alfajiri.

Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini. Ni nywele za pembeni, pale kwenye panja na juu ya paji la uso, ambazo kwa wengi zimeanza kurudi nyuma. Misuko ya kubana sana, inayorudiwa mwaka hadi mwaka, huvuta mizizi ya nywele hadi inachoka. Ukiongeza uzito wa nywele za bandia na dawa ya kulainisha juu yake, kichwa hakipati nafasi ya kupumzika.

Hapo ndipo frinji inapopendwa. Inaziba sehemu iliyopungua na kumrudishia mtu ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Lakini tuambiane ukweli: frinji inaficha, haitibu. Uvutaji ukikomeshwa mapema, nywele nyingi huota tena. Ukiendelea kwa miaka, mizizi huota kovu na ngozi ikabaki laini inayong'aa, na hapo haziwezi kurudi. Ukiona vipele, usaha au maumivu kwenye mstari wa nywele, muone mtaalamu wa ngozi kabla ya kumuona msusi.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Wanawake wengi wa ukanda huu walisoma shule ambazo wasichana walitakiwa wanyoe nywele zao. Wengine walipomaliza shule waliapa kutokata tena maisha yao yote. Wengine ndiyo wanaorudi sasa kwenye nywele fupi, safari hii kwa kupenda wenyewe, wakitaka mkato wenye umbo badala ya kipara cha lazima.

Na nywele zenye umbo si mgeni kwetu. Nchini Rwanda kulikuwa na amasunzu, mtindo wa kunyoa sehemu na kuacha matuta yaliyochongwa juu ya kichwa. Ulivaliwa na wanaume, na pia na wasichana waliofikia umri wa kuolewa. Kukata nywele kwa makusudi, ili ziseme jambo fulani juu ya mwenye kichwa, ni desturi ya zamani hapa kwetu.

Uso wako unataka frinji gani?

Kosa kubwa ni kumpelekea msusi picha ya mtu maarufu na kumwambia afanye vilevile. Mkato uliompendeza yule umekaa juu ya uso wake, si wako.

Simama mbele ya kioo, funga nywele zote nyuma kwa kitambaa, na utazame umbo la uso wako.

Uso wa mviringo, ambao upana na urefu vinakaribiana, hupendeza zaidi na frinji ya kulalia upande mmoja, nyepesi, isiyokatwa mstari mnyoofu. Mstari mnyoofu juu ya nyusi huufupisha uso huo na kuyafanya mashavu yaonekane makubwa zaidi. Nywele za pembeni ziachwe zishuke chini kidogo ya kidevu.

Uso mrefu na mwembamba ndio unaofaidika na frinji iliyonyooka hadi kwenye nyusi, kwa sababu inapunguza urefu. Nywele za pembeni ziishie kwenye taya na ziwe na ujazo kidogo.

Uso wenye taya pana hutaka frinji nyepesi yenye ncha zisizolingana, ili kulainisha pembe za taya. Epuka mkato wa pembeni unaoishia palepale kwenye taya. Ufanye uwe juu kidogo au chini kidogo.

Uso mpana juu na mwembamba kidevuni hupendeza na frinji iliyogawanyika katikati kama pazia, au ile inayolala upande. Inapunguza upana wa paji bila kulifunika lote.

Mwenye paji fupi awe mwangalifu. Frinji nzito hulimeza paji lote na uso ukaonekana umekaa chini ya kofia. Chache na nyepesi zinatosha.

Kabla ya mkasi, jaribu bure. Chukua kipande cha rasta za bandia, kikunje, kibane juu ya kichwa kwa pini na ukiache kishuke juu ya paji. Au vaa wigi lenye frinji kwa wiki moja. Nenda nalo sokoni, panda nalo basi, pika nalo. Ukiona unalisukuma pembeni kila dakika, mtindo huo si wako.

Mkasi na aina ya nywele

Nywele zetu za asili zina tabia ya kujikunja na kurudi. Ukizivuta zinafika kwenye pua, ukiziachia zinapanda juu ya paji. Msusi akizikata zikiwa zimenyooshwa kwa draya, siku zikilowa utabaki na ushungi mfupi usiokuwa na jina.

Kanuni ni hii: nywele za asili zikatwe zikiwa kavu, katika hali utakayozivaa kila siku. Kama utazivaa zikiwa zimejikunja, zikatwe zikiwa zimejikunja. Kama utazinyoosha kila wiki, mwambie msusi aache urefu wa ziada, kwa sababu siku ya mvua zitapanda.

Kwa nywele zilizotiwa dawa, kazi ni rahisi kidogo, lakini usitie dawa na kukata frinji siku hiyohiyo kama kichwa kimechubuka. Dawa hizo zina nguvu ya kuunguza, na frinji hulala juu ya ngozi ileile ya paji iliyounguzwa. Usikubali pia dawa iachwe kichwani zaidi ya muda ulioandikwa kwenye boksi eti nywele zilainike zaidi.

Mwambie msusi aanze kwa kukata ndefu. Frinji inayofika kwenye daraja la pua inaweza kupunguzwa kesho. Iliyokatwa katikati ya paji itakudai miezi miwili au zaidi kabla haijafika tena kwenye nyusi, kwani nywele huota takriban sentimita 1 tu kwa mwezi.

Lipo pia suala la lugha. Ukikata nywele ugenini, jina la mtindo linaweza kukupoteza. Kwa Watanzania na Wakenya neno ni frinji, na mkato wa kuishia taya huitwa bobu. Ukifika Bujumbura, Kigali au Goma, katika saluni nyingi utasikia majina yaliyotoka Kifaransa: franji kwa za mbele, na kare kwa bobu.

Usitegemee jina, tumia mwili. Gusa nyusi na useme ziishie hapa. Gusa ncha ya sikio, gusa kisogo. Beba picha tatu kwenye simu: ya mbele, ya pembeni na ya nyuma. Picha ya mbele peke yake humlazimu msusi kubahatisha kisogo.

Hali ya hewa ya njia yako

Frinji iliyonyooshwa asubuhi Arusha haifiki Mombasa ikiwa vilevile. Pasi ya nywele hunyoosha kwa joto, lakini unyevu wa hewa hurudisha nywele kwenye umbo lake la asili. Ukishuka kuelekea pwani, iwe Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenyewe inafanya kazi ya kukulowesha.

Anayefanya biashara ya pwani asishindane na unyevu huo. Achague frinji inayopendeza ikiwa imejikunja, au ile ya kulalia upande inayoweza kubanwa. Anayezunguka nyanda za juu, kama Nairobi, Kigali au Mbeya, ana nafuu. Kwake adui ni baridi kavu na vumbi, na dawa yake ni mafuta mepesi kwenye ncha.

Mafuta hayo yasiguse paji. Pomadi nzito kwenye frinji hushuka kwenye ngozi, ikichanganyika na jasho na vumbi huleta chunusi. Tia mafuta kidogo kwenye viganja, yasambaze, kisha pitisha kwenye ncha peke yake. Frinji ioshwe mara nyingi kuliko nywele nyingine. Maji kidogo na sabuni ya nywele kwenye sinki la gesti yanatosha, bila kulowesha kichwa kizima.

Kwenye basi la usiku, sukuma frinji nyuma, ifunge kwa kitambaa laini cha satini, kisha ndipo uegemee kiti. Kitambaa cha pamba hunyonya mafuta na kukwaruza nywele. Ukifika, fungua, lowesha vidole na upange.

Kisha kuna helmeti. Kigali huwezi kupanda pikipiki bila helmeti, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali. Usikatae helmeti kwa ajili ya frinji. Beba kitambaa chepesi chako mwenyewe, kivae ndani yake. Kitakukinga na jasho la abiria waliotangulia na pia kitashikilia nywele. Ukishuka, rola moja kubwa ya plastiki iliyokaa dakika 10 mbele ya kichwa, wakati unapanga bidhaa, hurudisha umbo bila umeme.

Wigi: vazi la wengine, mzigo wa wengine

Wapo wanaotaka frinji lakini hawataki mkasi. Kwao jibu ni wigi la bobu lenye frinji, na ni moja ya mitindo inayotembea sana katika maduka ya Kariakoo na yale ya katikati ya Nairobi na Kampala. Kwa mvaaji lina faida moja kubwa: frinji huficha ukingo wa wigi, kwa hiyo halihitaji gundi wala ustadi.

Wigi nyingi hutoka China, na mji wa Xuchang katika jimbo la Henan unajulikana duniani kote kwa kazi hiyo. Bei hutofautiana kutokana na kitu kimoja hasa: kama ni nywele za binadamu au nyuzi za kiwandani.

Usiamini maandishi ya boksi. Omba uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Nywele ya binadamu hunuka kama unyoya uliochomwa na kubaki majivu yanayosagika vidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka, hunuka plastiki na kubaki kidonge kigumu. Kama vyote viwili vinaonekana katika kichwa kimoja cha wigi, limechanganywa, na bei ishuke.

Tofauti hiyo ina maana nyumbani pia. Wigi la nyuzi za kawaida likiguswa na pasi ya moto huyeyuka. Hata mvuke wa sufuria au moto wa jiko la mkaa unaweza kuisokota frinji yake siku ya kwanza. Mama lishe ajihadhari.

Kwa anayenunua ili auze ng'ambo ya mpaka, hesabu ni nyingine. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupata hati rahisi ya uasili palepale mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Lakini utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wigi la Xuchang haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa sababu umelinunua Kampala.

Nywele za bandia zinazotengenezwa katika viwanda vya ukanda huu ni habari tofauti, nazo zipo. Uliza kiwanda au muuzaji wa jumla akupe ushahidi wa mahali zilipotengenezwa, na uliza ofisi ya habari za biashara iliyopo mpakani kama ziko kwenye orodha, kabla hujatoa pesa.

Kumbuka pia kodi za ndani. Katika bajeti ya mwaka 2019/20, Tanzania ilianzisha ushuru wa bidhaa kwa nywele za bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazoingizwa. Viwango hubadilika kila Juni bajeti zinaposomwa, kwa hiyo mfanyabiashara wa nywele asisikilize bajeti ya nchi moja peke yake. Anapaswa kusikiliza za pande zote mbili za daraja.

Dirishani, mbele ya ofisa

Turudi kwa yule mama na pasipoti yake.

Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ni nafuu kubwa, lakini picha ya kitambulisho huweza kuwa ya tangu ulipokuwa kijana. Kwenda Tanzania na nchi nyingine za jumuiya, wengi hutumia pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Hati zote hizo zina jambo moja: zinamtambua mtu kwa uso.

Ofisa anatazama macho, nyusi, pua, masikio na umbo la paji. Frinji nzito hufunika viwili kati ya hivyo kwa mara moja. Hakuna kosa kubadili nywele, na hakuna anayepaswa kudhalilishwa kwa sababu hiyo. Lakini kazi ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe ipo, na ni bora uirahisishe.

Mambo manne yanatosha. Kwanza, kaa na pini mbili za nywele mahali unapoweka hati, na uinue frinji kabla hujafika dirishani. Pili, kama umevaa wigi, jua kwamba unaweza kuombwa ulivue. Suka mistari safi chini yake usije ukaona aibu, na una haki ya kuomba jambo hilo lifanyike faragha, mbele ya ofisa mwanamke. Tatu, kaa na hati ya pili yenye picha ya karibuni, kama leseni ya udereva au kitambulisho cha chama cha wafanyabiashara. Nne, siku ya kupiga picha ya pasipoti mpya, rudisha nywele nyuma. Mitindo itabadilika mara nyingi kabla pasipoti haijaisha, lakini paji la uso litabaki lilelile.

Usiruhusu pia hofu ya dirisha ikupeleke njia za panya. Dakika tano za kuinua nywele ni nafuu kuliko mzigo uliokamatwa porini.

Miezi michache baadaye nilimwona tena yule mama, mpaka uleule, foleni ndefu zaidi. Frinji ilikuwa ipo, imekatwa upya na imelala vizuri. Alipobakiza watu wawili mbele yake, alifungua jalada la pasipoti, akachomoa pini mbili alizokuwa amezichomeka kwenye plastiki, akabana nywele juu.

Ofisa alitazama picha, akamtazama yeye, akagonga muhuri. Mama akashukuru, akapiga hatua kumi, akachomoa pini na kushusha frinji yake. Basi lilikuwa bado linamsubiri.